Nilikuwa nimelala lakini nilipiga kelele, je ubongo wangu ni sugu kwa dawa ya usingizi?

"Daktari habari za kazi. Mwaka jana nilianguka nikavunjika mkono, juu kidogo ya kiwiko. Siku ile ile walinichoma sindano ya kunilaza ili wauvute mfupa urudi mahali pake, naambiwa ilikuwa midazolamu. Dada yangu alikuwepo, anasema nilikuwa nimefumba macho kabisa ila walipovuta nilipiga kelele na kuunyakua mkono, mimi mwenyewe nakumbuka vipande vipande tu. Siku chache baadae nikafanyiwa operesheni ya kuwekewa chuma, hapo nikapewa ketamini, sikusikia maumivu hata kidogo ila nilijiona napaa na kuta zinapumua, niliogopa sana. Sasa natakiwa kutolewa chuma. Pia huwa nameza diazepamu usiku ili nilale, unaingia mwaka wa pili sasa. Naomba kujua, je ubongo wangu ni sugu, yaani dawa hazishiki? Na kwa nini wasinipe tu dozi kubwa ya usingizi nisisikie chochote, si mtu akilala hasikii maumivu?"

Pole sana ndugu yangu, kwa mkono na kwa hayo yaliyokupata baadae. Na asante kwa kutaja dawa kwa majina yake, wengi wanakuja na "nilichomwa sindano" basi, mtu unabaki unakisia. Majina hayo mawili pamoja na hiyo diazepamu ya usiku yananipa karibu kila kitu ninachohitaji ili nikujibu.

Naanza na hofu yako kubwa. Hapana, kwa maelezo haya sioni dalili ya ubongo sugu. Midazolamu ilikulaza, ndo maana ulifumba macho na ndo maana unakumbuka vipande tu, na ketamini ilizima maumivu kama inavyotakiwa. Dawa zote mbili zilifanya kazi zake. Shida ni kwamba ile ya kwanza kazi yake haikuwa ile uliyoihitaji pale mfupa ulipovutwa, na hapo ndo panatakiwa maelezo marefu kidogo, manake swali lako la mwisho, kwamba mtu akilala hasikii maumivu, ndilo linalowachanganya watu wengi kuliko lolote kwenye habari za usingizi wa hospitali.

Kulala ni jambo moja na kutosikia maumivu ni jambo lingine. Ni kama nyumba yenye kengele ya hatari na mlinzi, unaweza ukamlaza mlinzi na kengele ikaendelea kulia kwa nguvu zote, au ukakata waya wa kengele mlinzi akiwa macho anakutazama. Dawa za kulaza zinamshughulikia mlinzi, dawa za maumivu zinashughulikia waya, na zipo chache zinazogusa vyote viwili. Siku ile ya kwanza mlinzi wako alilala ila kengele ililia, mwili ukaitikia kwa kelele na kuunyakua mkono.

Sasa tuingie kwenye ubongo wenyewe. Seli za ubongo zinapelekeana taarifa kwa kemikali, seli moja inamwaga kemikali kidogo, ya pili inaipokea kupitia protini zilizokaa kwenye ukuta wake wa nje. Protini hizo ndo tunaziita vipokezi. Baadhi ya vipokezi ni milango, kemikali ikikaa mahali pake mlango unafunguka na chembe zenye chaji zinapita, seli inachangamka au inatulia. Vingine sio mlango, vinatuma tu amri ndani ya seli na amri hiyo ndo inaenda kufungua au kufunga milango mingine. Karibu kila dawa ya usingizi na ya maumivu tunayotumia leo inafanya kazi kwa kushika aina fulani ya vipokezi hivi, na kila aina iko sehemu zake kwenye ubongo na uti wa mgongo, kwahiyo ukijua dawa inashika kipi na kipokezi hicho kiko wapi, unaweza ukabashiri itamfanyia nini mgonjwa.

Hili hatukulijua zamani. Wakati daktari wa meno William Morton anaonyesha etha, dawa ya kuvuta ya kumlaza mgonjwa, hadharani kule Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, hakuna aliyejua inafanyaje kazi, na mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wakaamini kwamba dawa hizi zinayeyuka tu kwenye mafuta ya kuta za seli na kuzivuruga, basi. Imani hiyo ilikaa muda mrefu sana. Mwaka 1984 watafiti Nicholas Franks na William Lieb wakaonyesha kwamba dawa za nusukaputi, yaani za usingizi mzito wa operesheni, zinaweza kuzuia kazi ya protini pasipo mafuta yoyote kuwepo, na kuanzia hapo macho ya watafiti yakahamia kwenye protini, yaani kwenye vipokezi.

Kipokezi cha kwanza cha kukifahamu kinaitwa GABA-A. GABA ndiyo kemikali kuu ya kutuliza ubongo. Ikishika kipokezi chake mlango unafunguka, kloraidi inaingia ndani ya seli, na kwa kuwa ina chaji hasi seli inakuwa ngumu kuchangamka. Dawa za kulaza kama midazolamu, diazepamu, propofoli, thiopentali, etomidati, hata gesi za usingizi kama sevoflureni na isoflureni, zote zinapita hapa kwa namna moja au nyingine, ila hazishiki sehemu moja. Midazolamu na diazepamu zinakaa kando na zinachofanya ni kuisaidia GABA iliyopo ifungue mlango mara nyingi zaidi, kama GABA haipo zenyewe hazifungui kitu. Propofoli ni tofauti, kwa dozi ndogo inasaidia tu ila kwa dozi kubwa inaufungua mlango yenyewe bila kusubiri GABA. Ndo maana ukiwa na midazolamu peke yake ni vigumu kumfikisha mtu kwenye usingizi mzito wa operesheni, wakati propofoli inamfikisha ndani ya chini ya dakika moja, na pumzi inaweza ikasimama hapo hapo.

Sasa kinachovutia, na mimi hapa huwa naweza kuongea mpaka kesho, ni kwamba GABA-A sio kipokezi kimoja. Kila kimoja kimeundwa kwa vipande vitano, na binadamu ana jeni 19 za vipande hivyo, kwahiyo mchanganyiko uko wa aina nyingi. Mwaka 1999 watafiti walitengeneza panya ambao kipande kimoja, kinachoitwa alfa 1, kimebadilishwa kidogo ili diazepamu isikishike. Panya wale walipopewa diazepamu hawakusinzia kama wenzao na hawakusahau kama wenzao, ila woga uliwapungua vile vile. Yaani dawa moja, kulala kunapita kipande kimoja, kutulia moyo kunapita kingine. Mwaka 2003 wakafanya tena na kipande cha beta 3, wakabadilisha asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini, na panya hao wakipewa propofoli au etomidati wakibanwa mguu wanauvuta, wakati panya wa kawaida kwa dozi ile ile hawatikisiki. Etomidati hiyo hiyo, watafiti wengine walipobadilisha beta 2 badala ya beta 3, ndo usinziaji ukapungua. Kwahiyo hata ndani ya kipokezi kimoja kulala na kutotikisika vimegawana vipande.

Na kusahau? Kipande cha alfa 5 kimejaa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu mpya, na dawa za kundi hili zikifika huko kumbukumbu haziandikwi vizuri. Ndo maana unakumbuka vipande. Lakini naomba nikuambie kitu bila kuzunguka, kusahau sio tiba ya maumivu. Wapo wanaosema "si hatakumbuka", mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu akivutwa mfupa akiwa na midazolamu tu, taarifa za maumivu zinapanda uti wa mgongo kama kawaida, moyo unaenda mbio, presha inapanda, homoni za hatari zinamwagika, na dada yako aliyesimama pembeni anasikia kelele zote. Midazolamu kwa dozi tunazotumia hospitalini sio dawa ya maumivu. Kuna kazi nzuri ya mwaka 2008 iliyoonyesha kwenye panya kwamba vipokezi vya GABA-A vilivyoko kwenye uti wa mgongo, vile vyenye alfa 2 na alfa 3, vikishikwa peke yake vinaweza kupunguza maumivu, ila dawa tulizonazo zinashika na alfa 1 pia, mgonjwa anakuwa ameshalala fofofo kabla hujafikia huko. Kwa sasa hilo ni la maabara, kitandani bado.

Tuje kwenye maumivu. Ukivutwa mfupa, neva za mkono zinapeleka taarifa mpaka uti wa mgongo, pale zinakutana na seli nyingine inayoipokea na kuipandisha kwenye shina la ubongo, thalamasi (kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha taarifa), halafu gamba la ubongo ambako ndo unasema "inauma". Pale kwenye uti wa mgongo kuna ukaguzi mkubwa, taarifa inaweza kupunguzwa au kuongezwa. Na mwili wenyewe una dawa yake. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba ubongo una vipokezi vya opioidi (dawa za kundi la mofini), yaani mahali maalumu pa kushikwa na mofini, halafu mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz kule Aberdeen wakapata kemikali za mwili wenyewe zinazoshika vipokezi hivyo, wakaziita enkefalini. Yaani mofini inatumia njia ambayo mwili ulishaijenga kwa ajili yake wenyewe.

Cha muhimu zaidi kati ya vipokezi hivyo kinaitwa mu. Dawa za maumivu kama mofini, fentanili, pethidini, zote zinakishika hiki. Kikishikwa, seli inayoleta taarifa ya maumivu inafungiwa milango ya kalsiamu kwahiyo inamwaga kemikali kidogo, na seli inayopokea inafunguliwa milango ya potasiamu kwahiyo inazubaa. Kazi hiyo inafanyika kwenye uti wa mgongo, na pia kwenye shina la ubongo ambako kuna njia inayoshuka chini kwenda kuzuia maumivu yasipande. Mwaka 1996 watafiti waliwaondolea panya kipokezi cha mu, mofini ikawa haiwapunguzii maumivu tena, na uteja wa mofini nao haukutokea. Kipokezi kile kile kinatuliza na kinamfanya mtu awe tegemezi, na hapo ndo ugumu wa dawa hizi ulipo. Kibaya zaidi mu ziko pia kwenye sehemu ya shina la ubongo inayoongoza kupumua. Kwahiyo ukiongeza dozi ili uondoe maumivu unakaribia pia kupunguza pumzi, na ukichanganya na midazolamu inayosukuma upande ule ule, hatari inapanda haraka kuliko dawa moja moja. Mchanganyiko huo unafanya kazi vizuri sana, tena siku ile ungekusaidia, ila unahitaji mtu ambaye kazi yake ni kukutazama wewe tu, oksijeni iko pale, na naloksoni iko karibu. Naloksoni inaitoa opioidi kwenye kipokezi, lakini muda wake ni mfupi kuliko baadhi ya opioidi, mgonjwa anaweza akaamka vizuri halafu pumzi ikapungua tena, ndo maana anaendelea kuangaliwa.

Sasa ketamini, iliyokupaisha. Hii haishughuliki sana na GABA. Inaingia ndani ya mlango wa kipokezi kinaitwa NMDA na kuuziba. NMDA ni kipokezi cha glutameti, kemikali kuu ya kuchangamsha ubongo, na kwenye uti wa mgongo ndicho kinachofanya maumivu yanayorudiwa rudiwa yazidi kuwa makali, yaani taarifa ile ile inapofika tena na tena seli inazidi kuipokea kwa nguvu. Ukiziba NMDA unazuia huko kukuzwa kwa maumivu, ndo maana ketamini inaondoa maumivu hata kwa dozi ndogo ambayo haimlazi mtu. Na huku juu kwenye gamba la ubongo, sehemu zinazounganisha unachokiona, unachokisikia na hisia ya mwili wako zinaacha kuongea vizuri, ubongo haujalala kwa maana ya kutulia, unafanya kazi ila umekatika na mwili. Macho yanaweza kuwa wazi, mtu anapumua mwenyewe, presha haishuki, na ndani yake anapaa. Dawa hii ilitengenezwa mwaka 1962, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1970, na jinsi inavyoziba NMDA ikaja kujulikana mwaka 1983.

Kwahiyo kuta kupumua sio wazimu na sio dalili kwamba kuna kitu kimeharibika. Ni NMDA zilizozibwa, dawa ikitoka milango inafunguka na mambo yanarudi. Najua ukiwa ndani yake haifariji, inatisha kweli. Ila inapunguzwa: mtu akiambiwa mapema nini kitatokea, chumba kikiwa kimya, akiamshwa taratibu bila kutikiswa, na mara nyingi tunaongeza kidogo midazolamu au propofoli ili ubongo utulie upande wa GABA wakati NMDA zimezibwa. Ukitaja kwamba ulipata hali hiyo, mtaalamu wa usingizi atapanga hivyo au atachagua njia nyingine kabisa.

Kuna kipokezi cha nne nakigusa kwa haraka, alfa 2 cha noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, usikichanganye na kile kipande cha alfa 2 cha GABA-A. Dawa inaitwa deksmedetomidini inakishika kwenye kiini kidogo cha shina la ubongo kinachotuweka macho, na usingizi wake unafanana sana na ule wa kawaida, ukimwita mgonjwa anaamka anakujibu halafu analala tena. Inapunguza maumivu kiasi na haikandamizi pumzi kama opioidi, ila inaweza kushusha mapigo ya moyo na presha. Haipatikani kila hospitali.

Na nusukaputi kamili, ile ya kulala usijue lolote? Pale tunataka vitu kadhaa kwa pamoja, asijitambue, asikumbuke, asitikisike, na mwili usihangaike na maumivu. Gesi zinashika GABA-A, zinafungua milango fulani ya potasiamu, na nyingine zinagusa NMDA kidogo. Jambo ambalo liliwashangaza wengi ni la mwaka 1993, majaribio ya wanyama yalionyesha kwamba kutotikisika wakati wa kukatwa kunatokana zaidi na uti wa mgongo kuliko ubongo. Panya waliotenganishwa na ubongo wa juu walihitaji gesi kiasi kile kile ili wasitikisike, na mbuzi waliopelekewa gesi ubongoni tu walihitaji zaidi ya mara mbili. Maana yake kwako ni hii, mtu kutikisika au kuvuta mkono sio lazima awe anajitambua, uti wa mgongo unaweza ukauvuta mkono peke yake. Kwahiyo siku ile kunyakua mkono peke yake kusingeniambia mengi. Kelele ndo zinaniambia zaidi, pamoja na vile vipande unavyokumbuka.

Sasa diazepamu ya usiku, na hapa naomba usome taratibu. Ukimeza dawa ya kundi hili kila siku kwa muda mrefu, vipokezi vya GABA-A vinazoea, dawa inaendelea kuvishika ila mwitikio unapungua. Midazolamu inashika mahali pale pale. Kwahiyo kama siku ile ya mkono ulikuwa tayari umeanza kuzitumia na ukapewa dozi ya mtu asiyezitumia, kuna uwezekano haikukulaza vya kutosha, na hilo ndilo jambo pekee kwenye barua yako linalokaribia neno sugu. Ni mazoea ya kipokezi kimoja, kwa dawa za kundi moja, na ndiyo maana ketamini haikupata shida yoyote, mlango wake ni mwingine. Pombe ya kila siku inafanya kitu cha namna hiyo pia, na wanaovuta bhangi mara kwa mara wanaweza kuhitaji propofoli zaidi, kwahiyo kama vipo vitaje tu, hatuulizi ili tukuhukumu.

Tafadhali usiache hiyo diazepamu ghafla eti ili dawa zikushike vizuri siku ya operesheni. Ukiacha ghafla baada ya muda mrefu vipokezi vilivyozoea vinabaki bila msaada, unaweza kukosa usingizi kabisa, kutetemeka, hata kupata degedege. Ikiwa unataka kuiacha, na ningependa uiache, inapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi chini ya daktari. Kuna sababu nyingine ya kuitaja, ipo dawa inaitwa flumazenili inayoondoa midazolamu kwenye kipokezi mtu akizidiwa, lakini kwa anayemeza diazepamu kila siku flumazenili inaweza yenyewe kuleta degedege. Anayekuhudumia akijua ataichukulia kwa tahadhari, asipojua anaweza kuitumia kwa nia njema akakuumiza.

Tumefika kwenye dozi kubwa. Unaona sasa kwa nini jibu ni hapana kama ni ya dawa ya kulaza tu. Ukiongeza propofoli bila dawa ya maumivu unaweza kweli kumfikisha mtu mahali ambapo hatikisiki, ila njiani presha inashuka, pumzi inasimama, na taarifa za maumivu bado zinaingia uti wa mgongo na kuufanya uwe mkali zaidi, halafu propofoli ikitoka mgonjwa anaamka katikati ya maumivu yasiyoguswa kabisa. Ni afadhali dawa mbili tatu kwa dozi za kiasi, kila moja na kipokezi chake.

Kwa kutolewa chuma mkononi unazo njia nzuri, na mimi ningeuliza kwanza habari ya ganzi ya mkono. Wanachoma ganzi kuzunguka fungu la neva zinazokwenda mkononi, maeneo ya shingo, bega au kwapani kutegemea chuma kiko wapi. Hii haihusiani na vipokezi vya ubongo kabisa, inaziba milango ya sodiamu kwenye neva zenyewe, taarifa haiondoki mkononi. Ikishika vizuri unaweza ukabaki macho, au ukapewa kitu chepesi cha kukusinzisha, na baada ya operesheni mkono unabaki bila maumivu kwa saa kadhaa. Ubaya wake, mara chache haishiki vizuri au inashika nusu, mkono unakuwa mzito kama sio wako kwa muda, na kuna hatari ndogo ya kuumiza neva au, kwa zile za shingoni na karibu na kifua, kugusa pumzi. Pia kama makovu ni mengi na chuma kimeshikana na mfupa daktari anaweza kutaka muda mrefu zaidi kuliko utakaoweza kuvumilia kulala pale ukiwa macho.

Njia ya pili ni nusukaputi yenye dawa ya maumivu ndani yake, propofoli au gesi pamoja na fentanili au ketamini kidogo. Hapo unalala kabisa. Gharama yake ni kichefuchefu, koo kuuma kama waliweka mpira wa kupumulia, na usimamizi mkubwa zaidi wa pumzi. Njia ya tatu ni kuunganisha, ganzi ya mkono halafu usingizi mwepesi juu yake, na kwa mtu mwenye historia yako mimi naipenda hii kuliko zote, mradi anayeifanya anaifanya mara kwa mara. Ketamini nayo usiifute kwenye orodha. Ilikuokoa na maumivu, na wapo wagonjwa ambao bado ndiyo salama zaidi kwao.

Najua pia unaogopa kuzinduka katikati ya operesheni, watu wote wanaogopa hata wasiposema. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2014 Uingereza na Ayalandi ulikuta kwamba waliojitokeza wenyewe kusema walijitambua wakiwa kwenye nusukaputi walikuwa karibu mmoja kati ya 19,000. Wagonjwa wakiulizwa mmoja mmoja kwa maswali maalumu idadi inakuwa kubwa zaidi, mmoja au wawili kati ya 1,000. Wengi kwenye uchunguzi ule walikuwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli, ambayo inashika vipokezi vya misuli na haimlazi mtu wala kumwondolea maumivu, kwahiyo mtu hawezi kuonyesha kwamba yuko macho. Yaliyokupata wewe kwenye mkono hayakuwa nusukaputi, ulipewa kitulizo, yaani dawa ya kusinzisha tu, na kwa kitulizo kukumbuka kidogo ni kawaida hata mambo yakienda sawa. Zipo mashine zinazosoma mawimbi ya ubongo paji la usoni na zinasaidia kukadiria usingizi, ila hazipimi maumivu, na ketamini huwa inazichanganya.

Unachotakiwa kufanya sasa ni kuomba kuonana na mtaalamu wa usingizi siku kadhaa kabla ya operesheni, isiwe asubuhi ile ile ukiwa umeshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Mwambie mambo haya uliyoniandikia, hata kama yanakupa aibu, diazepamu kiasi gani na tangu lini, pombe, bhangi, dawa nyingine zozote za maumivu unazomeza, kwamba midazolamu ilikulaza bila kuzima maumivu na kwamba ketamini ilikutisha. Mwombe akuambie kwa maneno ya kawaida dawa ipi atatumia kukulaza na ipi ya maumivu. Akijibu ya kulaza tu, muulize ya maumivu iko wapi. Una haki hiyo kabisa na mtaalamu mzuri hatachukia. Kama unakoroma sana na kuna anayesema unasimama kupumua usiku, litaje, manake opioidi na kitulizo vinakuwa na hatari zaidi kwako. Na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata joto kali la mwili na misuli kukakamaa kwenye nusukaputi, au aliyechelewa sana kuanza kupumua baada ya operesheni, hilo liseme mwanzo kabisa kabla ya yote.

Yapo mambo mawili ya kutosubiri tarehe ya operesheni. Kama diazepamu imeshaanza kukuzidi, unaongeza vidonge, unaanguka au unasinzia mchana, muone daktari wiki hii. Na kama ile siku ya mkono au ile ya ketamini bado inakurudia, unaota ndoto mbaya, unashtuka, unakwepa hata kupita karibu na hospitali, hayo nayo ni ya kutibiwa na yanatibika, mwambie daktari wako akupeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Dada yako naye muulize analalaje tangu siku ile, alikuwa macho muda wote.